Jina Halilingani

Nani kakwambia nilibonyeza vibaya? Kama ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwambie arudie mbele yangu. Kama ni wale wa Ntobeye wanaokaa kwenye kivuli cha mashine iliyofungwa na kusema "binti wa steshenari ndiye kaiua hii," nao waambie waje Ngara mjini. Nitawawekea kiti, nitawawashia kompyuta, wabonyeze wao. Kila mtu abonyeze anachotaka. Halafu ndo tuongee.

Mimi fomu sikosei. Mengine nakosea, sikatai. Nina hasira za karibu. Nimewahi kumrudishia mteja karatasi zake na kumwambia aende kwingine kwa sababu alimsukuma bibi kwenye foleni. Lakini fomu, hapana. Na kompyuta hakuna aliyenifundisha. Pale steshenari niliingia kufagia. Mwenye steshenari akienda kula, mimi nakaa kwenye kibodi chake. Kibodi chenyewe herufi zilikuwa zimefutika zote, kwa hiyo vidole vyangu vilijua kabla ya macho. Siku dada aliyekuwa anachapa alipoacha kazi bila kuaga, mwenye steshenari alirudi akakuta nimeshachapa barua za watu na wameshaondoka nazo. Alichukua ufagio mkononi mwangu, akauweka kwenye kona. Tangu siku hiyo vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya wanafunzi, maombi ya kazi, vyote vinapita kwangu.

Sasa nikosee ya shangazi? Kwetu shangazi ni masenge, na masenge siyo mtu wa kuja sikukuu halafu basi. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye alinichukua, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nimekulia nyumbani kwake Ntobeye, nikilala nasikia ile mashine yake ya kusaga inavyonguruma, nikiamka nywele zina unga. Mume wake alipokufa, ndugu wa mume walikuja na gari kuichukua. Masenge aliketi mlangoni na jembe magotini kuanzia asubuhi mpaka wale watu wakachoka wakaondoka na gari tupu. Hakumtukana mtu. Aliwauliza tu kama wameshakula.

Watu walimletea muhogo mkavu, walimletea mahindi, lakini kilichoiweka mashine hai ni kazi ya shule. Shule ya pale ilikuwa inasaga kwake mahindi ya uji wa watoto. Bila ile kazi, mashine inakaa siku nzima inasubiri mama mmoja mwenye kisado.

Mwaka huu shule ikasema: kila anayefanya kazi na sisi alete leseni ya mwaka huu, na mwisho ni siku ya kufungua muhula. Leseni haitoki bila cheti cha kodi. Cheti hakitoki bila ritani, yaani taarifa ya mapato yako. Na ritani siku hizi huandiki kwenye karatasi ukaipeleka na mkono wako. Unaijaza kwenye mfumo. Hili neno mfumo, mimi nikilisikia sasa hivi nasikia kichefuchefu.

Masenge alikuja siku ya mnada, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo masenge."

"Marahaba. Nimekuletea vita yangu na watu wa kodi." Akaweka mfuko wa rambo juu ya meza.

Ndani ya ule mfuko alikuwa ametia kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali, na nyingine ambazo hakupewa na serikali. Risiti za mikanda ya mashine. Kadi ya ubatizo. Kadi yangu ya kliniki, mimi mtu mzima. Kitambulisho cha taifa. Na karatasi ya namba ya mlipakodi, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.

"Itachukua muda?"

"Kaa hapo, nakuletea soda. Hutaimaliza kabla sijamaliza."

Hayo ni maneno yangu. Siyakatai.

Niliingiza namba. Niliingiza neno la siri. Mfumo ukasema kodi imetumwa kwenye simu. Unajua zile namba chache wanazokutumia ili waamini kuwa ni wewe, watu wote huku tunaziita kodi. Nikasoma kwa sauti, "Kodi imetumwa."

Masenge akaweka soda chini. "Imetumwa na nani? Mimi sijatuma."

"Siyo hiyo. Hii ni kodi ya kuingilia."

"Kwa hiyo kuna kodi ya kulipa na kodi ya kuingilia?"

Wateja wakacheka. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi akasema, "Mama, subiri, kuna na kodi ya kutokea." Nilimwangalia yule mzee mpaka akachukua kopi zake.

Shida ni kwamba laini iliyoandikishwa kule masenge hana tena. Alimpa mtoto wake alipoondoka kwenda Biharamulo kutafuta dhahabu. Na binamu yangu kazi yake ni kushuka kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji, na shimoni hakuna mtandao. Kodi yenyewe inaishi dakika chache tu, halafu inakufa. Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga. Hapatikani. Masenge akamaliza soda, akairudisha chupa mwenyewe dukani, akarudi akakaa.

Jioni ndo binamu akapokea.

"Nani huyu? Yule mwizi wa mboga?"

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Ukimwita jina lake vizuri vizuri, ujue kuna msiba. Mimi niliwahi kula mboga yake tukiwa wadogo, basi ndo jina langu.

"Toka shimoni, we fuko. Kuna kodi imeingia kwenye simu yako."

"Kodi? Mawe yenyewe ya watu. Wanitoze kodi ya jasho?"

"Nisomee namba, mjinga wewe, ni ya mama."

Akasoma. Mfumo ukasema namba hiyo imeisha muda. Nikaomba nyingine. Ikachelewa. Ilipofika, simu yake ikazima chaji.

Tukapanga. Kesho yake saa nne asubuhi asishuke shimoni, akae juu anisubiri. Na asiyeshuka siku hiyo hagawiwi mawe, kila mtu wa machimbo anajua. Alikubali bila kunung'unika. Akatafuta kichuguu ambacho juu yake mtandao unashika, akakaa pale. Upande wangu umeme ukakatika saa nne kasoro, ukarudi mchana. Siku ya pili umeme upo, yeye yupo kichuguuni, mfumo ukasema haupatikani kwa sasa, jaribu baadaye. Baadaye ni saa ngapi? Hausemi. Siku hiyo masenge alikuwa amerudi Ntobeye kusaga, akaja tena siku ya tatu, safari hii na ndizi za kuiva ili tusife njaa.

Siku ya tatu vyote vikakubaliana. Binamu akasoma namba moja moja, kama katekista anavyosoma majina ya wafu, na mimi nikaziingiza kabla hajafika mwisho. Ukurasa ukafunguka. Nikapiga meza.

"Umeingia?" akauliza.

"Nimeingia."

"Basi mwambie mama mwanaye ana kichuguu chake, ni mtu mwenye mali. Wanitoze na kodi ya kichuguu."

Masenge alicheka mpaka akafuta machozi na kona ya kitenge. Ndo mara ya mwisho nimemsikia akicheka hivyo kwenye habari hii.

Nikajaza. Na nilijaza vizuri. Nilimwuliza kila kitu mara mbili. Kila nikifika ukurasa wa tatu mfumo unaniambia muda wako umekwisha, ingia upya, na kuingia upya ni kodi nyingine, na kodi nyingine ni binamu kichuguuni jua linampiga. Mara nne. Sikupiga kelele hata mara moja, na mwenye steshenari ni shahidi, alidhani naumwa. Mara ya tano nikafika mwisho. Nikabonyeza Wasilisha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Halafu maandishi mekundu.

Jina halilingani na kitambulisho.

Ndo hayo. Hicho ndo kitufe nilichobonyeza vibaya, kama unataka kujua: Wasilisha. Kingine hakikuwepo.

Nikachukua kitambulisho. Nikachukua ile karatasi ya mikunjo. Nikaweka pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Jina la masenge sitaliandika hapa, ni lake. Lakini katikati ya jina kuna herufi moja. Kwenye kitambulisho ni L. Kwenye karatasi ya kodi ni R.

Mtu wa pwani atacheka. Sisi huku L na R ni ndugu wa tumbo moja, wanavaliana nguo. Lugha tuliyonyonya haikututenganishia. Mtu anaenda kupiga kula, anarudi nyumbani kura wari. Tunaelewana, hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili hiyo.

"Ni kitu kidogo," nilimwambia masenge. "Twende ofisini kwao, watarekebisha."

Tukaenda. Afisa tuliyemkuta alikuwa kijana, mpole, na hilo ndo liliniudhi, maana ukiwa na hasira halafu mtu akawa mpole unabaki nayo mwenyewe. Alimpa masenge kiti. Alimsalimia vizuri.

"Mama, naomba utaje jina lako, taratibu."

Masenge akataja.

"Hapo katikati, ni L au ni R?"

Akataja tena. Vilevile. Sauti ileile, ulimi ukigusa palepale, si huku wala kule.

"Samahani mama. Yaani ile herufi. L, au R?"

"Ndiyo hiyohiyo, mwanangu," masenge akasema. "Andika yoyote. Zote ni zangu."

Kijana akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mimi ningeandika, mama. Mfumo ndo hautaki zote mbili."

Hapo nikawaka. Nilimwambia huyu mama amesaga unga wa wilaya nzima, wewe mwenyewe labda umekula, leo unamwuliza kama anajijua. Nilimwambia mfumo wenu haujui kusikia. Nilisema mengi. Watu waliokuwa nje wakaja mlangoni. Masenge akanishika mkono, akamwambia yule kijana, "Msamehe, baba. Amekulia kwenye mashine, kwake ukitaka kusikika lazima upige kelele." Yeye ndiye aliyeonewa, na yeye ndiye anaomba msamaha.

Kijana akasema ngoja, tuone kosa lilianzia wapi. Akaenda nyuma, akakaa sana huko, akarudi na faili lenye vumbi. Ndani kulikuwa na fomu ya zamani, ile ya kwanza kabisa, ya kuombea namba, enzi zinajazwa kwa kalamu. Akaiweka mezani akiigeuzia kwetu.

Nikaona mwandiko.

Wino wa bluu. Herufi za kulala upande mmoja, zenye mikia. Ile R ina mguu mrefu umepinda kama mkia wa mbwa. Naujua mwandiko ule. Nilikuwa darasa la sita.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili sijamwambia mtu. Darasa la sita tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye hakutaka kabisa huo mchanganyiko wetu. Ukisema wari unasimama mbele ya darasa na ulimi nje, wenzako wauone ulivyolala. Nilisimama mara moja. Nikaapa sitasimama tena. Nikatafuta vitabu, nikatafuta redio, nikajifunza neno kwa neno lipi lina L na lipi lina R, peke yangu, jikoni, nikisonga ugali. Nikawa wa kwanza. Na nikawa mbaya. Nilimsahihisha kila mtu. Nilimsahihisha katekista katikati ya sala. Nilimsahihisha binamu mpaka akaacha kuongea na mimi Kiswahili, tukabaki na Kihangaza tu.

Ndo wakati huo fomu zilipoletwa ofisi ya kata, na masenge akaja nazo nyumbani. "Wewe ndiye mwenye mwandiko," akaniambia. "Niandikie." Akanitajia jina lake. Na mimi, mtoto wa darasa la sita, nikasema moyoni: maskini masenge, hata jina lake analikosea. Nikamsahihisha. Niliandika R nikaipinda mkia kwa maringo, na yeye akaweka dole gumba chini bila kusoma, kwa sababu aliniamini.

Miaka ikapita, wakaja watu wa vitambulisho. Akataja jina lake kama siku zote. Karani wao akasikia L. Akaandika L.

Basi nimesimama pale ofisini, fomu iko mezani. Yule kijana akauliza, bila ubaya, "Nani alimjazia mama hii fomu?"

Masenge alinitazama. Hakuchukua muda. Nadhani aliniona usoni tu.

"Nilijaza mwenyewe," akasema.

Kijana akaangalia ule mwandiko wenye mikia. Akaangalia chini, kwenye alama ya dole gumba. Akafunga faili. "Sawa mama," akasema.

Na mimi nikanyamaza. Ningeweza kusema. Hakuna aliyeniziba mdomo.

Akatueleza: kiapo cha jina mbele ya hakimu, nakala za hiki na kile, maombi yapelekwe mkoani, mkoani wayapeleke mbele, wakikubali mfumo utabadilika wenyewe. Lini? Akafungua mikono. Kiapo tulipata. Nakala nilitoa mimi, bure, hata karatasi nilinunua nzuri. Tukapeleka. Nikaingia kuangalia. Linashughulikiwa. Kesho, linashughulikiwa. Binamu akakaa kichuguuni siku nyingine mbili kwa ajili hiyo.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwa masenge, na hilo namheshimu. Alisema mikono yake imefungwa, wakaguzi wanataka leseni mezani. Masenge alimpa maji ya kunywa. Jumatatu yake mahindi ya shule yalipakiwa kwenye gari kwenda kusagwa Bukiriro, na barabara ya Bukiriro inapita mbele ya mlango wa mashine. Dereva alipunguza mwendo, akapunga mkono. Masenge naye akapunga.

Mtendaji wa kijiji akamwambia bila leseni asiwashe. Hakubishana. Alivua mkanda wa mashine, akaupaka mafuta, akautundika chumbani juu ya kitanda ili panya wasiule. Akafunga kwa kufuli mlango uleule alioketi na jembe siku ya ndugu wa mume, ila safari hii hapakuwa na gari la kufukuza.

Binamu akanipigia. Nilijua kabla hajamaliza sentensi, maana aliniita jina langu. Vizuri, lote.

"Mama amefunga mashine. Mimi nimekaa juu ya kile kichuguu, sijagawiwa mawe, kwa sababu ulisema unajua. Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza chochote."

"Basi ilikuwaje?"

Nikampigia kelele. Nilimwambia yeye na shimo lake, yeye na chaji yake iliyoisha. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kile kimoja. Akakata simu. Tangu siku hiyo hajaniita mwizi wa mboga. Akipiga, anasalimia kama mtu wa benki.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ntobeye. Masenge alisonga ugali wa unga uliosagwa kwingine. Ulikuwa na mchanga. Tulikula tukiusikia menoni.

Baada ya kula nikamwambia nataka kumweleza binamu.

"Umweleze nini?"

"Kwamba ile R ni yangu."

Alikuwa anakusanya sahani. "Mwache. Atakuita mwalimu mpaka uzeeke." Akaenda na sahani zake, akarudi, akakaa karibu na mimi kwenye mkeka. "Na mimi nilishasema niliandika mwenyewe. Unataka nionekane mwongo mbele ya serikali?"

Nikamwomba ataje jina lake. Akaniona nimeanza wazimu, lakini akalitaja. Nikamwomba tena. Nilifumba macho, nikasikiliza kama ninavyosikiliza printa nikitafuta inakwaruza wapi. Mimi niliyejifunza zote kwa kichwa, niliyemsahihisha katekista. Alilitaja mara tatu, kama mama yake alivyomwita, na mara zote tatu sikujua.

Haya, wewe unayesema nilikosea. Kalamu hii hapa, fomu hii hapa, na masenge amekaa mbele yako anataja jina lake. Unaandika ipi?